Msimu wa Tatu wa Koo la Ndimu

Nchi yetu haiogopi kitu. Lishikeni hilo kwanza, mengine yatafuata. Haikuogopa nzige, haikuogopa mafuriko, wala haikumwogopa yule jirani yetu aliyenunua vifaru viwili akaviegesha mpakani, sembuse katuni. Lakini wapo watu, tena wengine wamo humu humu foleni, wanaosema serikali nzima ilitetemeka kwa sababu ya kijana wa kuchorwa kwa penseli, mwenye miaka kumi na minne na koo linalokwaruza. Uongo mtupu. Na kwa kuwa foleni hii haisogei, na huyu mama mwenye mkungu wa ndizi hapa mbele ameshaniuliza mara mbili, "Kwani ilikuwaje?", acheni niwasimulie mwone wenyewe tusivyoogopa.

Jina la nchi silitaji. Kibali cha kulitaja kipo mezani kwa mtu, na mtu huyo yuko semina.

Cha kujua ni kimoja tu: sisi sote ni watoto. Sisemi kwa mafumbo, nasema kwa sheria. Mlezi Mkuu, ambaye ametulea miaka thelathini na moja bila kupumzika wala kupumzishwa, alipitisha Sheria ya Makuzi mwaka wake wa kwanza. Raia ni mtoto mpaka apate Cheti cha Utu Uzima. Fomu ya cheti hicho ipo, tena nzuri, ya karatasi ngumu. Inataka sahihi za watu wazima wawili. Na mtu mzima ni Mlezi Mkuu, au mtu mwenye cheti. Kuna na kifungu kidogo kuhusu wageni, ila hicho hakuna aliyewahi kukisoma zaidi ya karani mmoja, tutamfikia. Mkipiga hesabu hiyo kwa vidole mtaona kwa nini babu yangu alizikwa akiwa mtoto wa miaka themanini na tatu, na msoma risala akasema marehemu ametutoka maisha yakiwa ndiyo kwanza yanaanza.

Ndiyo maana maofisini kwetu suruali huenda kwa cheo. Karani anavaa kaptula ya juu ya goti. Mkurugenzi anafika gotini. Mheshimiwa anateremka hadi katikati ya muundi. Suruali ya kufunika kifundo cha mguu ni ya mtu mmoja, na sahihi ya mtu huyo imechapwa chini ya kila karatasi inayotoka serikalini, kuanzia hati ya kiwanja mpaka karatasi ya kufungia mkate. Akina mama wao hufungwa utepe kichwani. Ukipanda cheo, unapunguziwa maua.

Basi.

Katika nchi hiyo ya watoto alikuwepo mtoto mmoja wa miaka thelathini na sita, jina lake Sikudhani, mchoraji. Amepanga vyumba viwili nyuma ya duka la magodoro, ukuta mmoja na mimi, na ukuta wenyewe ni wa mbao, kwa hiyo mengi nayajua bila kuuliza. Sikudhani hatulii. Akikaa, goti linacheza. Akisimama, anachonga penseli. Penseli zikiisha anachonga vijiti vya mishikaki, na vijiti vikiisha anakwenda mlangoni, anafungua, anatazama nje kana kwamba kuna mtu amechelewa, kisha anafunga. Miaka yote hiyo sijamsikia akilala zaidi ya saa tano mfululizo.

Yeye ndiye aliyechora *Koo la Ndimu*. Kila Jumapili saa kumi alasiri, nchi nzima kimya. Ndimu ni kijana anayekua, na kukua kwenyewe kunamtesa. Msimu wa kwanza suruali zilimkimbia: akilala ni ndefu, akiamka zimepanda. Msimu wa pili ulikuwa wa jasho. Alijimwagia manukato ya mama yake mpaka nyuki wakamfuata darasani, na mwalimu akawahesabu kwenye mahudhurio. Haikuwa katuni ya watoto. Wenye umri wa Ndimu waliitazama kwa huzuni kubwa, kama taarifa ya habari. Waliocheka ni wale waliokwisha kupita huko: watoto wa miaka hamsini, watoto wenye vitambi na wajukuu, waliojifunika nyuso kwa khanga na magazeti huku wakisema, "Jamani, huyu ni mimi! Huyu ni mimi kabisa!"

Pale mtaani walikuwepo waliodai kwamba Ndimu amechorwa kwa kumwangalia kijana fulani jirani, mwenye miguu mirefu na mdomo usiofunga. Mimi sikuona mfanano wowote.

Msimu wa tatu ndio ulioleta maneno. Katika msimu huo, koo la Ndimu ni chumba kimoja cha kupanga, na ndani yake anaishi Sauti ya Kitambo: mwembamba, amevaa fulana, kazaliwa humo. Asubuhi moja mlango unagongwa. Ni Sauti Mpya, ana godoro begani na kifua kama pipa. "Nimeambiwa hiki chumba ni changu sasa." Basi hapo ndipo ugomvi unapoanza, na ugomvi huo ni vipindi kumi. Sauti ya Kitambo hataki kuhama. "Nimelilea koo hili tangu halijui kumeza ugali," anasema. "Bila mimi litapotea. Litaanza kukoroma. Litasema mambo ya ajabu." Katika kipindi cha sita Ndimu anaitwa mbele ya shule kusoma tangazo, na Sauti zote mbili zinanyang'anyana mlango, kila moja inasema nusu ya neno. Wanaofahamu mambo wanasema ndicho kipindi bora kuliko vyote vilivyowahi kuchorwa. Katika kipindi cha kumi Sauti ya Kitambo anafagia chumba, anakunja mkeka, anaondoka. Ila ufunguo mmoja anabaki nao.

Sauti zote mbili, nyembamba na nene, alizisema mtu mmoja: Mzee Tenga, mtangazaji mstaafu wa mpira, mtoto wa miaka sitini na saba. Koo lake lilikuwa na uvimbe, na daktari alikwisha kumpangia siku ya kupasuliwa. Baada ya siku hiyo Mzee Tenga angekuwa anaandika anachotaka kwenye kibao cha chaki. Kwa hiyo walirekodi mbio mbio, wiki tatu, mzee amejifunga skafu na birika la tangawizi miguuni. Kazi ilipokwisha alimwambia Sikudhani, "Mwanangu, hizo ndizo zilizobaki. Usizimwage."

"Siwezi, baba."

"Nakujua. Wewe hata chai unaimwaga."

Ilikuwa michoro elfu kumi na moja, miaka miwili ya mkono wa mtu mmoja, masanduku matatu ya bati. Na ndani ya michoro hiyo, sauti ya mzee ambayo hairudiki. Msimu ulipangwa kuanza Siku ya Malezi, mwisho wa mwezi.

Ndipo Bodi ikapata barua.

Barua moja tu. Msije mkadhani taifa lilisimama likalalamika. Barua moja, kwa wino wa kijani, imetumwa kwa Bodi ya Makuzi na Maonyesho, nayo ilisema hivi: "Mheshimiwa, mimi ni mtoto mwema wa taifa hili. Nimepata kusikia kwamba msimu ujao wa Koo la Ndimu unamhusu mzee mmoja aliyekaa mahali muda mrefu na hataki kuhama. Je, ni nani huyo? Mimi sisemi. Nauliza tu." Chini: "Mtoto Aliyeudhika."

Aliyeandika barua ile sijui aliumbwa na roho gani. Nikimpata nitamwambia ukweli wake mbele za watu. Ingawa, tuseme kweli, mwandiko ulikuwa mzuri, na ile "sisemi, nauliza tu" imekaa mahali pake.

Sikudhani aliitwa siku ya pili. Mwenyekiti wa Bodi ni Mheshimiwa Mafumbi, mtoto mnene wa katikati ya muundi. Kushoto kwake alikaa yule karani niliyewaahidi, Bi Siwatu wa masijala, amefungwa utepe wenye maua matano. Miaka ishirini na miwili yumo humo. Sheria anazijua kwa namba, na barua anaweza kukuambia imetoka kwa nani kwa kutazama tu bahasha ilivyolambwa.

"Mwanangu Sikudhani," alianza Mheshimiwa Mafumbi, na kila alipoanza hivyo wajumbe walifunga daftari, maana hotuba ilikuwa ndefu. "Bodi hii haina ugomvi na katuni. Bodi hii imelelewa na katuni. Bodi hii, kwa moyo mkunjufu na kwa kuzingatia makuzi endelevu ya mtoto wa miaka yote, inauliza swali moja dogo. Huyu mzee kwenye koo. Miaka yake mingapi?"

"Kumi na minne, Mheshimiwa. Ni umri wa Ndimu."

"Siyo thelathini na moja?"

"Ni sauti, Mheshimiwa. Ni kijana anabaleghe."

Wajumbe wakashtuka. Mmoja akatazama mlango. Neno kubaleghe lilikuwa halijatamkwa ndani ya jengo lile tangu lipakwe rangi.

"Sasa mwanangu," akasema Mheshimiwa, akipangusa shingo, "kwa nini asibaki? Hicho chumba ni kikubwa. Huyu mpya akalala kibarazani, akapewa cheo. Naibu Sauti."

"Koo haliwezi kuwa na sauti mbili, Mheshimiwa. Wewe mwenyewe ulikuwa nazo mbili?"

Hapo Sikudhani aliona usoni mwa Mheshimiwa kitu ambacho angekichora kama asingenyang'anywa penseli mlangoni: kijana wa miaka kumi na minne, amesimama mbele ya shule, ana tangazo mkononi, na hajui ni sauti ipi itakayotoka. Kisha kijana yule akaondoka, Mheshimiwa akarudi.

"Tunaupiga mhuri," alisema haraka. "KWA WATU WAZIMA TU."

Wajumbe wakapiga makofi. Ulikuwa uamuzi wa hekima. Katuni haikukatazwa, hakuna wa kusema tumeogopa. Imeruhusiwa kabisa. Ila wa kuitazama hayupo.

Bi Siwatu akakohoa. "Mheshimiwa, Bodi imeitazama?"

"Bado. Tutaitazama mchana."

"Mhuri umeshapigwa, Mheshimiwa. Sisi ni watoto."

"Ndiyo uzuri wake, Bi Siwatu. Hatutaitazama."

"Kanuni ya kumi na nne inasema kazi isiyotazamwa mpaka mwisho wa mwezi hupumzishwa."

Kupumzishwa, kwa wale wageni, ni tanuri lililo nyuma ya Wizara. Goti la Sikudhani liliacha kucheza. Aliyekuwepo anasema hilo ndilo lililowatisha wajumbe kuliko angepiga kelele.

"Basi nani ataitazama?" aliuliza.

Macho yote, moja moja, kwa kujiibaiba, yalipanda ukutani, kwenye picha ya mtu aliyevaa suruali ndefu.

Barua ya kumwomba Mlezi Mkuu atazame katuni iliandikwa mara saba, kwa sababu kila mjumbe alitaka jina lake litokee mbali zaidi na neno katuni. Ikapelekwa. Zikabaki siku tisa mwezi uishe.

Siku tisa zile, mimi niliye ukuta wa pili nilijua mateso. Alichonga penseli zote. Alichonga vijiti. Alichonga mpini wa ufagio. Alikwenda Wizarani kila asubuhi akaambiwa, "Njoo kesho, mtoto mzuri." Siku ya sita ikafika tarehe ya Mzee Tenga. Sikudhani akamsindikiza mpaka mlango wa wodi, na mzee, mtu aliyetangaza mabao ya nchi nzima, akabakiwa na pumzi ya sentensi moja. Alifikiri.

"Wakiniuliza," akasema, "waambie nimehama na godoro langu."

Alitoka siku ya pili ana bandeji shingoni na kibao kifuani, na jambo la kwanza aliloandika lilikuwa: WAMESEMAJE?

"Bado, baba."

Akafuta kwa kiganja. Akaandika: WASHENZI.

Siku ya mwisho ya mwezi, saa nne asubuhi, Mlezi Mkuu alifika Ukumbi wa Taifa. Watu wote walitolewa. Walinzi walisimama nje wamegeukia ukuta, pamba masikioni. Mheshimiwa Mafumbi alijifungia chooni kwa hiari yake. Wakabaki watatu tu: Mlezi Mkuu, kiti cha katikati, kati ya viti mia nne vitupu; Bi Siwatu, nyuma ya pazia, ana daftari kubwa, kwa kuwa kila neno la Mlezi huandikwa; na Sikudhani kwenye mashine ya kuonyeshea, amefungwa kitambaa machoni ili asitazame kitu kisichofaa kwa umri wake, yaani alichokichora mwenyewe.

Vipindi kumi. Sikudhani hakuona kitu, akasikia kila kitu. Kipindi cha kwanza, kimya. Cha pili, kimya, na kiatu kimoja kikigonga sakafu. Cha nne, pakatokea mlio kama wa kabati zito linalosogezwa. Sikudhani alidhani paa linaanguka. Bi Siwatu aliyekuwa nyuma ya pazia ndiye aliyejua, akaandika pembeni kwa herufi ndogo: *Amecheka.* Cha sita, kile cha tangazo, Mlezi alisema "Eee!" kwa nguvu, kama mtu aliyekanyaga mwiba wa zamani. Na cha kumi kilipokwisha, taa hazikuwashwa kwa muda mrefu, maana aliyepaswa kuagiza ziwashwe hakuagiza.

"Huyu wa zamani," sauti ilisema gizani, "anakwenda wapi?"

"Hatuonyeshwi, Mlezi. Anafunga mlango tu."

"Anarudi?"

"Ana ufunguo. Ndimu akiogopa sana, au akidanganya akabanwa, anarudi dakika moja. Kisha anaondoka tena."

"Mbakishe."

Hiyo ilikuwa amri, na amri kwetu hazijibiwi. Mikono ya Sikudhani ilianza kutafuta penseli kwenye meza ya mashine. Hapakuwa na penseli.

"Siwezi, Mlezi. Aliyemsema amepasuliwa koo. Hana sauti tena."

"Watu wenye sauti wako wengi."

"Hao watakuwa wengine. Huyu ni huyu. Na hata angekuwepo, nisingembakisha. Mtoto hatakua."

Nyuma ya pazia kalamu ya Bi Siwatu ilikimbia, ikasimama, ikangoja. Kiti cha katikati kililia. Mtu aliinuka, akatembea taratibu mpaka kwenye mashine, na Sikudhani alisikia suruali ndefu ikiburura sakafuni. Alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa ndogo, kama imetokea chumba kingine.

"Nakuomba, Sikudhani. Nakuomba. Mbakishe."

Sikudhani aliinua mkono akafungua kitambaa. Hajui kwa nini. Anasema kilikuwa kinamwasha. Mbele yake alisimama mzee mfupi mwenye macho mekundu, na suruali ilimzidi.

"Hapana," alimwambia, kwa upole kabisa.

Papo hapo pazia likafunguka.

"Samahani, Mlezi," alisema Bi Siwatu, daftari kifuani. "Umemwomba."

"Nini?"

"Sheria ya Makuzi, fungu la tatu, kifungu kidogo cha pili. *Mtu mzima ni mwenye Cheti, au yeyote ambaye Mlezi Mkuu amemwomba jambo.* Kiliwekwa kwa ajili ya wageni wa mataifa, wasikalishwe kwenye viti vifupi siku ya karamu. Umemwomba mara mbili. Nimeandika."

"Futa."

"Maneno yako hayafutwi, Mlezi. Fungu la tisa. Uliliandika mwenyewe."

Wakatazamana, watu wazima wawili wa nchi nzima na karani mmoja. Kisha Bi Siwatu akatoa kwenye daftari karatasi ngumu iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa fomu. Aliijaza miaka ishirini na miwili iliyopita, akaitunza, watu wengine wanavyotunza kanzu ya harusi. Chini yake, kama kwenye kila karatasi ya serikali, sahihi ya Mlezi Mkuu ilikwisha kuchapwa. Ilibaki nafasi ya pili.

Sikudhani hakuwa na kalamu. Aliazima ya Bi Siwatu.

Bi Siwatu aliufungua utepe wake pale pale, maua yote matano, akauweka juu ya mashine. Mlezi Mkuu alitoka kwa mlango wa nyuma. Mheshimiwa Mafumbi alipotoka chooni akasikia habari, alilia, akaleta fomu yake isainiwe, akauliza kama suruali anaweza kuishusha leo leo au asubiri gazeti la serikali. Fundi cherehani wa mtaa wa pili anasema alimkuta mlangoni kwake kabla ya saa saba. Na kesho yake redio ilitangaza kwamba Mlezi Mkuu, ambaye siku zote ndoto yake imekuwa kuona watoto wake wanakua, amezindua Wiki ya Kukua, na atakayeshindwa kukua ndani ya wiki hiyo atachukuliwa hatua.

Ndiyo foleni hii. Imeanzia Ukumbi wa Taifa, imezunguka soko, imepita kwenye uwanja wa mpira. Unaingia na fomu, sahihi ya kwanza imo, Sikudhani anatia ya pili, unatoka mtu mzima, unaingia mlango wa pili unatazama msimu wa tatu kipindi cha kwanza mpaka cha kumi, unasikia sauti ya Mzee Tenga. Nani ameogopa hapo? Niambieni. Serikali imetulia. Na mimi ninayewasimulia nimetulia kuliko serikali, laiti huyo Mtoto Aliyeudhika angekuwa mwanamume nusu yangu, angekuja hapa leo aseme, "Ni mimi."

Mama, sogea, zamu yako. Hongera, mama. Aa, usiondoke, ngoja uone kijana anavyokuwa mtu mzima.

Habari za kazi, Bi Siwatu. Bila utepe umependeza kweli. Shikamoo, Mzee Tenga. Na kibao kimeandikwa KARIBUNI, MSISUKUMANE, hodari kabisa. Dada Sikudhani, jirani yako huyu, leo tuko pamoja. Fomu hii hapa, nimeijaza nyumbani kwa utulivu.

"Ngoja kidogo, mdogo wangu," Bi Siwatu anamwambia Sikudhani, na anamshika mkono wenye kalamu. Anaiinua fomu yangu, anaitazama kwenye mwanga. "Kijana, huu wino umeupata wapi?"

Dukani, Bi Siwatu. Wino ni wino.

"Wa kijani?"

Wa bluu uliisha.

Bi Siwatu anavuta jalada chini ya meza. Hana haraka. Analamba kidole, anafunua, anatoa karatasi moja, anailaza kando ya fomu yangu. Herufi zimekaa sambamba kama mapacha wa shule, mikia ile ile, vituo vile vile. Mama wa ndizi amerudi, amesimama nyuma yangu na cheti chake mkononi, anasoma kwa sauti: "*Mimi sisemi. Nauliza tu.*" Foleni imenyoosha shingo mpaka sokoni.

Sikudhani ananitazama. Hana hasira, ndiyo mbaya zaidi. Anatazama miguu yangu, suruali yangu ilivyopanda, mdomo wangu.

"Ni wewe?" anauliza.

Nikakusanya kifua chote. Nikatafuta ile sauti yangu nene niliyowasimulia nayo tangu kule uwanjani, niseme neno moja tu la kiume.

"Si mimi!"

Ikatoka nyembamba kama filimbi ya refa.

Mama wa ndizi ameshika mbavu. Foleni inacheka kuanzia hapa, kicheko kinakata kona ya soko, kinakwenda. Mzee Tenga hana cha kuchekea, koo lake haliruhusu. Anafuta kibao kwa kiganja, anaandika polepole, anakigeuza watu wote wakione:

KARUDI.

"Usifunge mdomo," Sikudhani ananiambia. "Baki hivyo hivyo." Ameweka kalamu ya sahihi pembeni. Amegeuza fomu yangu, upande mweupe juu, na anachonga penseli.